Damu Haisubiri Gari

Aliyewahi kuishi kijiji cha kando ya barabara kuu ameliona hili. Bodaboda imegongana na lori, kijana yuko chini, paja limepinda, suruali inalowa damu. Kila mtu anapaza sauti, "Mpakieni!" Anakalishwa mshikaki, kati ya dereva na rafiki anayemshikilia kwa nyuma, mguu unaning'inia, pikipiki inaondoka mbio. Nia ni njema, lakini wanayoyaamini ndiyo yanayoua.

Wanasema damu itazuiwa hospitali. Mshipa mkubwa wa paja ukikatika, mtu hufa kwa dakika chache, na hospitali iko mwendo wa saa nzima. Kunja kanga, iweke juu ya jeraha, gandamiza kwa viganja viwili na uzito wako wote, wala usichungulie kila mara kama imekata. Mguu au mkono ukizidi kuchuruzika, funga kitambaa cha upana wa vidole vitatu juu ya jeraha, upande wa kiunoni au begani, kaza kwa kijiti mpaka damu isimame, kisha andika saa. Hapo hakosekani mtu wa kuonya kwamba mguu utaoza ukatwe. Kitambaa kikifunguliwa na mtaalamu ndani ya saa 2, ni nadra mguu kupotea. Kamba nyembamba na waya ndivyo vya kuogopa. Paja lililovunjika lifungwe pamoja na mguu wa pili ulio mzima, na majeruhi alazwe juu ya mlango au ubao nyuma ya pikapu.

Wanasema apelekwe popote palipo karibu. Kwa asiyepumua vizuri, au ambaye damu imegoma kukata, ni kweli: mpitisheni kwa mhudumu wa kwanza mtakayemkuta. Lakini zahanati haina chumba cha upasuaji wala damu ya kuongeza. Anayevujia damu tumboni akitundikiwa dripu pale akisubiri rufaa, muda wake wa kupona unaishia kitandani. Pigeni simu kabla ya kuwasha gari: mpasuaji yupo? Damu ipo? Ulizeni pia sindano ya asidi ya traneksamiki. Utafiti wa CRASH-2 wa mwaka 2010, uliohusisha majeruhi zaidi ya 20,000, ulionyesha kwamba inapunguza vifo. Inatakiwa itolewe ndani ya saa 3 tangu ajali. Ikichelewa zaidi inaweza hata kudhuru.

Wanasema bila PF3 hapokelewi. Fomu ile ni ya ushahidi wa polisi, na serikali imekwisha kutamka kwamba majeruhi wa dharura atibiwe kwanza. Ndugu mmoja aende kituoni, wengine waende hospitali.

Soda na maji ya kumtuliza? Hapana. Akitapika akiwa amezimia, vitaingia mapafuni.

La mwisho ndilo linaloniuma zaidi: eti bila ambulansi hakuna la kufanya. Mfumo wa m-mama umekwisha kujibu. Mjamzito, mzazi au mtoto mchanga akipatwa na dharura, ndugu hupiga 115, na ambulansi isipokuwepo hutafutwa dereva wa hapo hapo kijijini, ambaye hulipwa kwa simu. Majeruhi wa ajali naye astahili hivyo. Mpaka siku hiyo ifike, mwenyekiti wa kijiji, wiki hii bandika ukutani kwa ofisi yako namba za wenye magari na namba ya hospitali yenye chumba cha upasuaji.