Vumbi la Timbo na Haki ya Jirani



Ndugu zangu katika imani, na hasa kina mama mnaokesha na watoto wenye kikohozi, wiki hii tuzungumze juu ya vumbi la mawe. Kutoka Jaribuni hadi matimbo ya matumbawe ya mwambao, mawe ya Kilifi ndiyo yajengayo nyumba zetu na misikiti yetu. Kazi hiyo ni halali, na familia nyingi zinakula kwayo. Lakini Mtume (s.a.w.) amekataza kudhuru na kudhuriana, uhalali wa chumo haumpi mtu ruhusa ya kumdhuru jirani.

Vumbi linaloonekana juu ya majani si lenye hatari zaidi. La kuogopwa ni lile jembamba lisiloonekana, lishukalo hadi ndani ya mapafu likabaki humo. Likitoka katika mawe magumu yenye silika, huleta silikosisi, maradhi yasiyoponyeka, na humweka mtu karibu zaidi na kifua kikuu. Leso iliyofungwa puani huzuia chembe kubwa tu.

Kinga ya kwanza ni maji. Jiwe lilowe kabla ya kupondwa. Manyunyu yawekwe kwenye mdomo wa mtambo na pale kokoto zinapodondokea. Njia ya malori imwagiwe maji, na shehena ifunikwe turubai. Gharama ni ya mwenye mtambo, kwani faida ni yake. Tuzikumbuke na pepo zetu: kusi hulipeleka vumbi upande wa kaskazini wa timbo, na kaskazi hulirudisha kusini. Kwa hiyo miti ya kukinga upepo ipandwe pande zote.

Kina mama mnaogonga kokoto kwa nyundo, lowesheni jiwe kwanza, mketi upande unakotoka upepo, na watoto wachezee mbali. Nguo za kazi zisikung'utwe ndani ya nyumba; zilowekwe, kisha zifuliwe mbali na nguo za watoto. Mvua ya kwanza nayo iachwe ioshe paa kabla ya maji kuelekezwa tangini.

Na mwenye timbo akipuuza, tusidhani kwamba kunyamaza ndiyo subira. Aanze kupewa nasaha kwa adabu mbele ya wazee. Asiposikia, habari zifikishwe kwa chifu na kwa NEMA, mamlaka ya mazingira. Ibara ya 42 ya Katiba ya mwaka 2010 inampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya. Ibara ya 70 inamruhusu kwenda mahakamani haki hiyo inapovunjwa, wala halazimiki kuthibitisha kwamba yeye mwenyewe ameumia.

Enyi wenye matimbo, maji mnayoyanyunyiza leo ni amana mnayoitekeleza kwa jirani. Baba arudi nyumbani na riziki yake, na mtoto alale bila kukohoa.

Wabillahi tawfiq.