Gari la kwanza Kibagabaga: Kukodi jipya au kununua lililotumika?

Asubuhi katika kilima cha Kibagabaga, kaskazini-mashariki mwa Kigali, mtu asiye na gari ana njia mbili: kupanda pikipiki hadi kituo cha mabasi cha Kimironko, au kuteremka kwa miguu kupitia barabara ya hospitali. Zote mbili ni nafuu, na kwa kijana asiye na familia zinatosha. Mambo hubadilika anapozaliwa mtoto wa pili, au mzazi anapoanza kuhitaji kliniki kila wiki mbili. Hapo ndipo mazungumzo ya gari la kwanza yanapoanza, na siku hizi hayaanzi tena na swali la aina ya gari. Yanaanza na swali la mkataba: je, achukue gari jipya kwa malipo ya kila mwezi, likiwa bado mali ya benki au kampuni, au anunue lililokwisha kutumika na liwe lake tangu siku ya kwanza?

Kwa majirani wa Rwanda jibu la kawaida limekuwa jepesi. Mkazi wa Dar es Salaam, Mombasa au Kampala humgeukia muuzaji wa magari kutoka Japani, kwa kuwa Japani huendesha upande wa kushoto wa barabara kama Tanzania, Kenya na Uganda. Rwanda huendesha upande wa kulia, na tangu mwaka 2005 imezuia uingizaji wa magari madogo yenye usukani wa kulia. Gari linalotoka bandari ya Dar es Salaam kwa njia ya barabara, safari ya takriban kilomita 1,450, hubadilisha upande linapovuka daraja la Rusumo. Mnunuzi wa Kigali hana budi kutafuta usukani wa kushoto katika Falme za Kiarabu, Ulaya, Korea Kusini au Marekani. Soko lake la magari yaliyotumika ni dogo kuliko la jirani yake, na gari lilelile humgharimu zaidi.

Juu ya bei hiyo huja kodi. Ushuru wa forodha wa pamoja wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ni asilimia 25. Hufuata ushuru wa bidhaa unaotegemea ukubwa wa injini: asilimia 5 kwa injini isiyozidi sentimita za ujazo 1,500, asilimia 10 hadi 2,500, na asilimia 15 kwa zaidi ya hapo. Kisha kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18, na tozo ndogo ndogo kama ile ya miundombinu ya asilimia 1.5. Kwa kuwa kodi moja hukokotolewa juu ya nyingine, hata gari lenye injini ndogo kabisa hulipiwa zaidi ya nusu ya thamani yake ya forodha kabla halijapewa namba. Anayenunua gari lililokwisha kusajiliwa Kigali huwa halipi kodi hiyo kwa mkono wake, lakini amelipa. Muuzaji ameiweka ndani ya bei.

Serikali nazo zilikabiliwa na swali hili

Anayedhani kwamba huu ni mjadala wa wenye mishahara midogo tu akumbuke kuwa serikali mbili za ukanda huu zimelazimika kuchagua, na zikachagua njia tofauti. Katikati ya muongo wa 2000, Rwanda iliamua kuachana na msafara mkubwa wa magari ya umma. Magari yakapigwa mnada, na maofisa wakawekewa utaratibu wa kumiliki magari yao wenyewe kwa msaada wa serikali na mkopo. Hoja ilikuwa nyepesi kueleweka: mtu hulitunza gari lake kuliko la ofisi. Kenya kwa upande wake, mwaka 2013, ilianza kuwakodishia polisi wake magari mapya kwa mikataba ya miaka kadhaa, ikisema kwamba gari la polisi likinunuliwa huishia kulala gereji likisubiri kipuri, ilhali la kukodi ni juu ya mwenye nalo kulitengeneza.

Hoja zote mbili ni za kweli, na zote zinahusu jambo moja: nani anabeba mzigo wa gari kuharibika. Bei ya mwezi, ambayo ndiyo huandikwa kwa herufi kubwa katika matangazo, haisemi lolote kuhusu hilo.

Kuna mfano wa tatu, wa kibiashara. Juni 2018 kampuni ya Volkswagen ilizindua kiwanda cha kuunganisha magari katika eneo maalumu la kiuchumi la Kigali. Magari ya kwanza ya Polo na Passat hayakuwekwa dukani yakisubiri familia za Kibagabaga. Yaliingizwa katika huduma ya kuita gari kwa simu na ya kutumiwa kwa zamu na makampuni. Kampuni ilikuwa imepiga hesabu na kuona kwamba katika nchi hii wapo wengi wanaoweza kulipia safari, na wachache wanaoweza kulipia gari jipya. Hesabu hiyo haijabadilika sana.

Hesabu ya mezani

Katika ukodishaji wa muda mrefu, ule ambao watu wa fedha nchini Tanzania huuita karadha, benki au kampuni hununua gari na kumkabidhi mteja alitumie. Mteja hutoa fungu la mwanzo, hulipa kila mwezi, na mwishoni hulirudisha au hulimiliki kwa bei iliyokubaliwa. Mikataba mingi inayopatikana Kigali hufanana na mkopo wa kawaida kuliko kukodi kwenyewe, kwa sababu riba ni ileile. Wastani wa riba za benki za Rwanda kwa miaka mingi umezunguka asilimia 16.

Ichukuliwe kwa mfano gari jipya la faranga milioni 20. Mteja anatoa milioni 4 na kubakiza milioni 16 za kulipa kwa miezi 48 kwa riba hiyo. Atalipa karibu faranga 453,000 kila mwezi, na mwisho wa safari gari la milioni 20 litakuwa limemgharimu milioni 25.8 hivi. Bima nayo itabidi iwe kubwa, kwa kuwa mwenye mali hakubali gari lake lilindwe kwa bima ya mtu wa tatu pekee.

Sasa ichukuliwe kuwa gari dogo lililotumika linauzwa milioni 9. Mtu yuleyule, mwenye milioni 4 mkononi na uwezo wa kuweka kando 453,000 kwa mwezi, angelinunua kwa fedha taslimu baada ya miezi 11 hivi. Kwa miezi 37 iliyosalia angekuwa hadaiwi, na hata kama fundi angemla sehemu ya akiba hiyo, bado angebaki na gari la kuuza. Hesabu hii ndiyo inayofanya watu wengi wenye busara ya fedha waseme: nunua lililotumika, tena kwa fedha taslimu. Kwa familia nyingi wanasema kweli. Lakini hesabu hiyo ina sharti moja ambalo halionekani katika tarakimu: gari hilo la milioni 9 liwe zima.

Kilichofichwa chini ya rangi

Uwezekano wa kupata gari bovu si mdogo. Sehemu ya magari ya usukani wa kushoto yanayouzwa Afrika Mashariki yalipata ajali Marekani, yakanunuliwa mnadani kama chuma chakavu, yakapelekwa Sharjah au Dubai, yakanyooshwa na kupakwa rangi. Yapo yaliyotengenezwa vizuri. Yapo pia ambayo mifuko ya hewa iliyofumuka haikurudishwa tena, pakazibwa tu kifuniko. Namba ya fremu, yenye tarakimu na herufi 17, husema mengi: ikianza na 1, 4 au 5 gari liliundwa Marekani, K ni Korea Kusini, J ni Japani, W ni Ujerumani. Kwa gari lililopita Marekani, namba hiyo huweza kutafutwa katika kumbukumbu za minada mtandaoni, mara nyingi pamoja na picha za jinsi lilivyokuwa siku ya ajali. Ni kazi ya nusu saa.

Kibagabaga yenyewe ni mtihani mwingine. Kigali iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na anayeishi kilimani hupanda na kushuka kila siku ya Mungu. Breki na giaboksi huchoka mapema kuliko katika mji wa tambarare, na joto la injini huonekana katika mwinuko wa kurudi nyumbani, si katika mzunguko mfupi ambao muuzaji humzungusha mnunuzi. Ukaguzi wa kila mwaka wa polisi huko Remera hubaini mengi, lakini hufanyika kwa siku moja. Cheti kilichotolewa miezi 10 iliyopita hakisemi hali ya leo. Mnunuzi makini hudai ukaguzi mpya kabla ya kulipa, na hahesabu biashara kuwa imekwisha mpaka kadi ya njano iwe kwa jina lake.

Katika haya yote, msikilizaji wa Kiswahili ana nafasi nzuri kuliko anavyodhani. Kwa vizazi, Kiswahili kimekuwa lugha ya madereva na mafundi wa Kigali, kuanzia Biryogo na Nyamirambo hadi kwenye gereji za Gatsata. Anayenunua gari lililotumika hupatana, huuliza, hukasirika na kurudi katika lugha anayoimudu. Anaweza kumwambia fundi, “Mzee, niambie ukweli, wewe ungelinunua?” na akasoma jibu usoni kabla halijatoka mdomoni.

Mkataba wa kukodi hausomeki usoni. Bunge la Rwanda lilikipa Kiswahili hadhi ya lugha rasmi mwaka 2017, lakini mikataba ya fedha kwa kawaida huandikwa kwa Kiingereza, Kifaransa au Kinyarwanda, na vifungu vinavyouma huwa katikati ya kurasa. Vinne vinastahili kusomewa mtu anayeaminika, hata kwa malipo. Je, malipo yamefungwa kwa faranga au kwa dola? Mwaka 2023 faranga ilishuka kwa takriban asilimia 18 dhidi ya dola. Aliyekuwa na mshahara wa faranga na deni la dola aliongezewa mzigo bila kukopa hata senti. Gari likikaa gereji mwezi mzima, malipo yanasimama au yanaendelea? Mteja akikosa mshahara miezi miwili, gari huchukuliwa mara moja, na lile fungu la mwanzo linakwenda wapi? Na mwisho wa mkataba, bei ya kulimiliki imeandikwa, au itapangwa siku hiyo?

Kwa Mwislamu anayejiepusha na riba, maswali hayo yana uzito wa ziada. Katika ijara, ukodishaji unaokubalika kisheria ya dini, mwenye mali hubaki na dhima ya mali yake. Akimtupia mpangaji hasara zote huku akidai kodi ileile, jina la kukodi linabaki bila maana yake. Benki kama Amana ya Tanzania na Gulf African ya Kenya zilianzishwa juu ya misingi ya namna hiyo. Mkazi wa Kigali anayeletewa mkataba wenye neno la kukodi juu ya ukurasa anaweza kuupima kwa kipimo hicho hicho, awe Mwislamu au asiwe.

Pale ambapo jipya linashinda

Kuna hali moja ambamo kukodi jipya kunaelekea kuwa na maana zaidi, nayo ni gari la umeme kwa mtu anayeendesha sana. Tangu mwaka 2021 Rwanda imesamehe magari ya umeme ushuru wa forodha, ushuru wa bidhaa na kodi ya ongezeko la thamani, na vituo vya kuchaji vikapewa bei ya umeme ya viwandani. Ile nusu ya thamani inayoliwa na kodi katika gari la petroli haipo. Kinachotisha ni betri, ambayo ndiyo sehemu ghali kuliko zote na ambayo fundi wa mtaani bado hawezi kuipima kwa sikio. Hapo ndipo kumwachia mwingine umiliki kunapoleta faida ya kweli. Waendesha pikipiki wa Kigali walilitambua hilo mapema: katika mfumo wa Ampersand, ulioanza kazi ya kibiashara mwaka 2019, dereva humiliki pikipiki lakini betri ni ya kampuni, naye huibadilisha kituoni na kulipia umeme alioutumia. Betri ikichoka, si hasara yake.

Kwa anayeendesha kilomita chache, kutoka Kibagabaga hadi Kacyiru na kurudi, akiba ya mafuta haitoshi kufidia riba ya miaka minne. Huyo afadhali injini ndogo iliyotumika, na Jumapili ya siku isiyo na magari jijini atembee kama wenzake.

Msamaha wa kodi nao hutolewa na huondolewa. Magari ya haibridi, yanayotumia petroli na umeme kwa pamoja, yalifaidi msamaha huo hadi bajeti ya 2025/26. Sasa yanatozwa, na ushuru wa bidhaa kwayo unafuata umri: asilimia 5 kwa lisilozidi miaka mitatu, 10 kwa la miaka minne hadi saba, na 15 kwa lililofikisha minane. Waliokuwa wameyanunua kabla ya hapo waliamka wakakuta gari lao lililotumika limepanda thamani likiwa limeegeshwa uani. Waliokuwa wameyakodi waliendelea kulipa kiasi kilekile, na faida hiyo ikabaki kwa yule ambaye jina lake limo katika kadi ya njano.