Safari ya angani huanzia darasani: Bunia ijifunze nini kwa Uganda?

Asumi Kamogawa ni msichana mfupi, mtoto wa familia isiyo na pesa nyingi, anayeingia shule ya kuandaa wanaanga mjini Tokyo. Mama yake alikufa kutokana na ajali ya roketi iliyoangukia mji wao. Asumi si mtu wa kweli. Ni mhusika wa Twin Spica, hadithi ya michoro ya Mjapani Kou Yaginuma iliyotoka kati ya mwaka 2001 na 2009. Lakini hadithi hiyo ina jambo linalowahusu vijana wa Bunia: hamu ya Asumi peke yake haitoshi. Anasonga mbele kwa sababu kuna shule, kuna walimu, na kuna wenzake wa kusoma nao.

Ng'ambo ya Ziwa Albert, njia hiyo imekwisha kutumika. Uganda iliwapeleka Japani wahandisi vijana watatu, Edgar Mujuni, Bonny Omara na Derrick Tebusweke, wakasome katika Taasisi ya Teknolojia ya Kyushu. Huko walitengeneza PearlAfricaSat-1, satelaiti ndogo ambayo mtu anaweza kuibeba mkononi. Ilirushwa kutoka Marekani tarehe 7 Novemba 2022, na mwezi uliofuata ikaachiliwa kutoka Kituo cha Kimataifa cha Anga. Kenya ilitangulia mwaka 2018 kwa satelaiti ya Chuo Kikuu cha Nairobi, Rwanda ikafuata mwaka 2019. Zote mbili zilipitia sehemu ya Japani ya kituo hicho.

Kongo nayo haikukosa majaribio. Miaka ya 1977 na 1978, kampuni ya Ujerumani OTRAG ilirusha roketi huko Shaba, yaani Katanga, kwa ruhusa ya Mobutu. Mwaka 1979 ikaamriwa kuondoka. Baadaye, mhandisi Mkongomani Jean-Patrice Keka alitengeneza roketi zake za Troposphere na kuzirushia Menkao, mashariki mwa Kinshasa. Ile ya mwaka 2008 ilitangazwa kufika kilomita 15. Ile ya mwaka 2009, iliyobeba panya, ilipotea njia mara tu iliporuka. Mwaka 2012 serikali ikasaini mkataba na kampuni ya China kwa ajili ya satelaiti ya CongoSat-1. Satelaiti hiyo haijaruka.

Majaribio hayo matatu yana kasoro moja. OTRAG walikuwa wageni, na walipofunga mizigo yao elimu iliondoka nao. Keka alitegemea zaidi mfuko wake mwenyewe. Mkataba wa 2012 ulikuwa wa kununua chombo. Uganda ilianzia upande mwingine: ilisomesha watu kwanza, chombo kikafuata. Satelaiti ndogo kama ile haidumu miaka mingi angani, lakini wahandisi walioitengeneza wanabaki na ujuzi wao.

Kwa Bunia, hapo ndipo penye uzito. Tangu mwisho wa mwaka 2017, vita vya Djugu na maeneo jirani vimefukuza familia nyingi, na shule nyingi zimechomwa au kufungwa. Utawala wa kijeshi uliowekwa Mei 2021 haukumaliza mauaji. Mtoto anayehama kambi hadi kambi hafiki kwenye hesabu na fizikia za sekondari. Na anayefika, mara nyingi anasoma fizikia ubaoni tu, bila maabara, huku mzazi akitafuta pesa ya minervali.

Hata hivyo, kazi ya anga si kurusha roketi tu. Satelaiti za Ulaya za Sentinel-2 hupita juu ya Ituri kila baada ya siku chache, na picha zake hutolewa bure. Zinaonyesha msitu unaokatwa Mambasa, mashimo ya dhahabu, na maji ya Ziwa Albert yanapopanda na kuingia vijiji vya ufuoni. Programu ya kuzichambua, QGIS, nayo ni ya bure. Mjini Kinshasa, shirika la OSFAC limekuwa likifundisha kazi hiyo kwa ajili ya misitu ya Afrika ya Kati.

Kinachohitajika Bunia ni chumba chenye umeme wa uhakika, kompyuta chache, intaneti na mwalimu anayelipwa. Hayo yanaweza kuanza katika vyuo vikuu vya mji bila kungoja satelaiti ya taifa.

Yasipofanyika, hasara itaendelea kama ilivyo leo: ardhi ya Ituri inapigwa picha kila wiki, na wengi wanaozisoma wako mbali. Wao ndio huandika ripoti kuhusu msitu na migodi ya hapa, na raia wa Ituri huzisoma zikiwa zimekwisha kuandikwa.