Kabla binamu hajatuma pesa za kunyoosha meno

Tuseme binamu yako aliye Banissa anakutumia video ya TikTok. Dada fulani anavaa kifuniko cha plastiki angavu mdomoni, sekunde tatu baadaye meno yamejipanga kama punje za mahindi. Hakuna waya, hakuna daktari, mzigo unaletwa hadi ulipo. Chini kuna namba ya kulipia. Wewe uko Nairobi, kwa hivyo anakuuliza: "Hii kitu ni ya kweli?"

Usimjibu haraka. Plastiki yenyewe ni ya kweli. Invisalign iliruhusiwa Marekani mwaka wa 1998, na madaktari wengi wa meno hutumia vifuniko vya aina hiyo. Kila kimoja husogeza jino kidogo sana, kama robo ya milimita, kisha baada ya wiki moja au mbili unavaa kinachofuata. Jino linaposukumwa, mfupa unaolishikilia humeng'enywa upande mmoja na kujengeka upande wa pili. Hapo ndipo pazito. Kama fizi ni gonjwa, jino linaweza kulegea huku wewe kwenye kioo unaona tu linanyooka. Eksirei huona. Selfi haioni.

Biashara ya kuruka daktari imeshajaribiwa na wakubwa. SmileDirectClub ilianza mwaka wa 2014 huko Tennessee: mteja alijichukulia umbo la meno nyumbani, akalituma kwa posta, akaletewa vifuniko. Ilipoingia soko la hisa Septemba 2019 ilithaminiwa karibu dola bilioni 9. Septemba 2023 ikakimbilia mahakama ya kufilisika, Desemba ikafunga kabisa. Waliokuwa katikati ya matibabu waliambiwa wakatafute daktari wao wenyewe. Waliokuwa wakilipa polepole wakaambiwa, eti, waendelee kulipa! Oktoba 2024 ikawa zamu ya Byte, vifuniko vyake vikasitishwa kuuzwa.

Mmarekani aliyeachwa hivyo pengine ana daktari mtaa wa pili. Banissa ni Kaunti ya Mandera, mpakani na Ethiopia. Kutoka huko kuja Nairobi kuonana na mtaalamu wa kunyoosha meno ni zaidi ya siku nzima kwenye basi, na barabara ile unaijua sifa yake. Umbali huo ndio unaofanya tangazo limvutie binamu. Umbali huo huo ndio utakaomponza jino likianza kucheza mwezi wa nne.

Halafu kuna chai. Vifuniko huvaliwa saa 20 hadi 22 kwa siku, na huvuliwa kila unapokula au kunywa kitu chochote isipokuwa maji. Chai ya moto huipinda plastiki na kuitia rangi. Sasa hesabu vikombe vya shaah kuanzia alfajiri hadi baada ya isha, hesabu na wageni. Anayekaa kwenye miraa jioni ndiyo kabisa, saa zake zimeisha kabla kikao hakijakolea. (Ramadhani mchana, nakubali, ni raha.) Na kabla ya kukirudisha kifuniko lazima meno yasafishwe, mahali ambapo maji hununuliwa kwa mtungi.

Mwambie asubiri. Akija huku kwa chuo au kazi na atakaa mwaka mmoja hivi, aende kwa daktari wa meno mwenye leseni. Tovuti ya baraza lao, KMPDC, ina majina. Aulize bei yote, pamoja na kifaa cha kuvaa usiku matibabu yakiisha, maana meno yakiachwa hivi hivi hurudi yalikotoka.

Lakini kama hawezi kungoja, basi kabla ya kutuma hata shilingi amwandikie yule muuzaji swali moja: nani atanipiga eksirei, na wapi? Akijibiwa kwa emoji, akutumie wewe hiyo screenshot mcheke pamoja.