Chanikiwiti Mbili, Ukuta Mmoja
Juma hili, katika nyumba moja ya Buyenzi, mtaa wa Waswahili mjini Bujumbura, niliombwa shauri juu ya chanikiwiti mbili za sebule, moja ya jani changa la mgomba na nyingine ya jani lililokomaa, ambazo dukani, kwa mwanga wa taa, zilishabihiana shilingi kwa ya pili. Nami nikamsihi mwenye nyumba asifanye haraka, bali fundi apake kila moja kipande cha dhiraa moja ukutani, aiache ikauke, kwani rangi mbichi hudanganya, kisha tuitazame asubuhi, adhuhuri, na jua linapotua nyuma ya milima ya Kongo, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Magharibi ilipoingia, ile iliyokomaa ilikuwa imekaribia weusi, na changa ingali hai. Basi kadhi wa rangi ni nuru ya chumba chenyewe, wala si ulimi wa muuzaji.