Shangazi kanenepa, kumbe anaumwa

Najua nimepotea, si mnajua tena, test zilifuatana kama siafu na bumu lenyewe lilichelewa. Nilikuwa nyumbani Babati likizo hii na kuna jambo nimerudi nalo rohoni. Nikasema niliweke hapa kijiweni kabla UE hazijaanza, maana zikianza hata jina langu nitalisahau.

Ni habari ya shangazi yangu. Jina lake nalihifadhi, ila ruhusa ya kumwandika kanipa mwenyewe. "Andika mwanangu, ila usiseme nilikuwa na sura mbaya." Basi sisemi.

Shangazi ni fundi cherehani, ana kibaraza chake si mbali na stendi. Kakulia huko juu Bashnet, kwenye baridi, na toka usichana wake alikuwa na uvimbe shingoni. Rovu. Wengine mnaita goita, na kwetu wengi wanasema tu "tezi". Enzi zake wala haikuwa ajabu, anasema darasani mwao walikuwa wengi tu, na wasichana walijifunga vitambaa shingoni ikawa kama fasheni. Hakuna aliyeona ni ugonjwa. Ilikuwa shingo ya ukoo.

Sababu yake wengi tuliikariri sekondari tukaisahau. Tezi ya thairoidi, ile iliyokaa mbele ya koo kama kipepeo, inahitaji madini ya iodini kutengeneza homoni zinazoendesha mwili mzima: moyo, joto, chakula kinavyounguzwa, akili. Iodini ipo kwa wingi baharini. Huku kwetu milimani mvua na mmomonyoko vimeiosha kwenye udongo miaka na miaka, kwa hiyo mahindi na maharage yetu yanatoka nayo kidogo sana. Tezi ikikosa iodini inavimba, inajitahidi kukamata kidogo kinachopita. Ndiyo maana pakiti ya chumvi imeandikwa "ina madini joto". (Hivi nani alibuni jina hilo? Nusu ya watu nyumbani wanadhani ni chumvi ya kupashia mwili moto.)

Na hapo nchi hii ilifanya kazi nzuri, tuseme ukweli. Miaka ya 1980, kwenye wilaya zilizoathirika zaidi, watoto wa shule wapatao 61 kati ya kila 100 walikuwa na rovu. Vikagawiwa vidonge vya mafuta yenye iodini, halafu miaka ya 1990 zikaja kanuni za kuweka madini joto kwenye chumvi. Kwenye utafiti wa taifa wa mwaka 2004, wilaya hizo zilikuwa zimeshuka hadi asilimia 12 hivi, na nchi nzima asilimia 7. Ukipita leo shule yoyote pale Babati mjini utatafuta shingo ya namna ile uchoke.

Sasa shida yangu inaanzia hapo. Kwa kuwa shingo zimepungua tumeamua ugonjwa umeisha. Watu walioishi na tezi hiyo miaka thelathini hawakuisha, wapo, na wanaougua thairoidi kwa sababu nyingine kabisa zisizohusu chumvi nao wapo, wengi wao wanawake. Ugonjwa wao hauonekani shingoni. Unaonekana kwenye tabia, na tabia kila mtu ana maoni nayo.

Shangazi alianza kukonda miaka michache nyuma. Anakula vizuri tu, tena kuliko zamani, lakini gauni zinampwaya. Moyo unamwenda mbio usiku. Anatoka jasho wakati sie wengine tumejikunyata kwa upepo wa mlima Kwaraa. Akawa mkali, mteja akisema neno dogo anarushiwa kitambaa. Na mikono ikaanza kutetemeka. Jamani, fundi cherehani mikono inatetemeka! Anasema alikuwa anamwita mtoto wa jirani kumtungia uzi kwenye sindano, akimaliza anampa shilingi mia, na mtoto kwa akili zake akawa anakuja kila saa kuuliza kama uzi umekatika.

Mtaa ukashatoa majibu. Mnajua tena mwanamke akikonda ghafla mjini anaitwaje. Kapata umeme, kaungua. Alipima mara tatu, mara tatu hana, lakini majibu ya maabara hayana miguu kama ya mtaa. Wateja wakapungua. Kuna mama mmoja alichukua kitambaa cha sare ambacho kilishakatwa, akaenda kushonesha kwingine vile vile vipande vipande. Hiyo ndiyo iliyomliza shangazi kuliko moyo kwenda mbio.

Hospitalini alipewa dawa za presha, halafu za vidonda vya tumbo, halafu akaambiwa apunguze mawazo. Na yule muuza duka wetu, mtu mwema kabisa, akamshauri azidishe chumvi ya madini joto kwa vile "hiyo ni tezi". Hapa naomba mnisikilize, maana hata mie nilikuwa naamini hivyo. Chumvi hiyo inazuia rovu. Kwa mtu ambaye tezi yake imezoea njaa miaka mingi na imeshaota vinundu, iodini ikija kwa wingi ghafla vile vinundu vinaweza kuanza kumwaga homoni bila breki. Yalitokea Zimbabwe miaka ya 1990 chumvi yenye iodini ilipoanza kuenea, na Kivu huko Kongo vilevile. Simaanishi tuache chumvi hiyo, hasa wajawazito, maana ubongo wa mtoto tumboni unategemea. Nasema mgonjwa anahitaji kipimo. Ushauri wa dukani hautoshi.

Na kipimo chenyewe ni cha damu tu, wanatazama homoni. Siku aliyoandikiwa, akaambiwa vitendanishi vimeisha. Akarudi wiki iliyofuata, mashine mbovu. Mwisho alipanda basi kwenda mji mwingine, na nauli ya kwenda na kurudi, chakula na siku mbili za kufunga kibaraza vilizidi bei ya kipimo mbali. Majibu yakasema tezi inafanya kazi kupita kiasi. Akawekwa kwenye dawa za kuipunguza kasi kwanza, miezi kadhaa, halafu akafanyiwa upasuaji, wakatoa karibu tezi yote.

Aliporudi tulichinja mbuzi. Shingo nyembamba kama ya msichana! Mikono imetulia, uzi anatunga mwenyewe, yule mtoto wa jirani kapoteza ajira.

Mwaka uliofuata ndipo mambo yakageuka na hakuna aliyegundua, mie nikiwa wa kwanza kutogundua. Nilifika likizo nikamkuta kanenepa, uso umejaa. Nikasema shikamoo shangazi, umependeza, umenawiri! Akaitikia marahaba kwa sauti nzito, ya kukwaruza, nikadhani mafua. Mtaa mzima ulimsifia. Wateja wakarudi, maana mtu mnene hana umeme. Kumbe shangazi alikuwa analala saa tatu usiku anaamka saa tatu asubuhi na bado amechoka. Nywele zinabaki kwenye kitana. Anavaa sweta mchana. Sare za kumaliza kwa wiki zikawa zinachukua mwezi, na wenye sare wakaanza kusema kavimba kichwa siku hizi, kawa mvivu.

Ukitolewa tezi, homoni inabidi uimeze maisha yako yote, kidonge kimoja kila siku asubuhi. Shangazi alipewa vya kuanzia. Vikaisha. Yeye akajua dozi imeisha kama inavyoisha ya malaria. Na hiyo levothairoksini ina ujanja wake: ukiacha leo, baada ya wiki nzima bado karibu nusu yake imo mwilini, kwa hiyo hukumbuki kuunganisha uchovu wa mwezi wa pili na vidonge vya mwezi uliopita. Sijui kama aliambiwa akasahau au hakuambiwa. Najua karatasi aliyotoka nayo ilikuwa ya Kiingereza na mwandiko ule wa kidaktari, nikaisoma mie wa chuo kikuu nikatoka kapa.

Dawa hii si mpya wala si ya anasa. Mwaka 1891 kule Uingereza daktari George Murray alimdunga mama mmoja maji ya tezi ya kondoo, na yule mama, aliyekuwa anazimika polepole, akaishi miaka 28 zaidi. Zaidi ya miaka 130 imepita! Leo ni kidonge kidogo. Kinachomshinda mtu wa Babati ni mambo ya pembeni: damu ipimwe tena baada ya wiki sita hadi nane kuona kama dozi inatosha, halafu walau mara moja kwa mwaka ikishatulia. Kila kupima kukiwa safari, mtu anapima mara moja anaridhika. Mimi naona makao makuu ya mkoa kukosa kipimo hiki cha uhakika, siku zote na si siku za bahati, ni kuwaambia watu waliookolewa kisuni waende wakajimalizie nyumbani.

Na sisi wengine tufunge midomo kuhusu miili ya watu. Mie yangu ya "umenawiri" inaniuma mpaka leo. Alikuwa anataka kunieleza siku ile, kaniambia baadaye, ila nilimsifia kwa furaha sana akaona aibu kulalamika.

Sasa hivi kaanza upya. Kinamsumbua kitu kimoja tu: kidonge ni cha tumbo tupu, kwa maji, usubiri nusu saa au zaidi ndipo unywe chai. Na yeye chai ya maziwa ndiyo inayomtoa kitandani. Kwa hiyo kaweka kopo la vidonge juu ya cherehani, anameza, anafagia kibaraza, anafungua mlango, ndipo chai. Anasema kibaraza hakijawahi kuwa kisafi hivi.

Jana usiku kanipigia. Kwenye maduka ya dawa aliyozunguka pale mjini vimeisha, Arusha vipo. Nimemtumia hela kidogo kwa simu kutoka kwenye bumu, binamu yangu kavinunua na kumkabidhi kondakta. Basi linaingia Babati saa tisa, keshanitumia meseji mara mbili kuuliza namba ya gari. Ngoja nimjibu, halafu niwahi pindi.