Mfupa Hauungi Penye Usaha

Ni nani kati yetu asiyemjua mtu aliyevunjika mguu kwa ajali ya pikipiki, mfupa ukatokeza nje ya ngozi na kuingiwa na uchafu wa barabara? Mara nyingi mguu wa namna hiyo haupotei kwa kuvunjika, bali kwa usaha. Bakteria wakiisha kufanya maskani katika mfupa uliokufa, usiofikiwa na damu, dawa ya sindano nayo haiwafikii. Mgonjwa hupasuliwa, mfupa hukwanguliwa, naye hurudi nyumbani. Baada ya miezi kidonda hufumuka tena.

Ndiyo sababu matabibu walitafuta njia ya kuipeleka dawa mahali penyewe. Mwaka 1892 Dreesmann, daktari Mjerumani, alijaza mashimo ya mifupa kwa plasta iliyochanganywa na fenoli. Mwaka 1970 Buchholz wa Hamburg alitangaza saruji ya mifupa iliyotiwa gentamisini. Saruji hiyo imewafaa wengi. Lakini haigeuki kuwa mfupa, na dawa yake ikiisha kufifia, hubaki kidogo tu, nacho chaweza kuwafundisha bakteria ukaidi.

Kwa hiyo twaitazama kwa matumaini kazi aliyoianza Larry Hench huko Florida, Marekani, mwaka 1969. Alibuni kioo kishikamanacho na mfupa ulio hai. Wataalamu wa Turku, nchini Ufini, wakaendelea hata wakapata kioo kiitwacho S53P4. Chembe zake zikijazwa katika shimo la mfupa, maji ya hapo huwa makali kama ya magadi, na bakteria hushindwa kuishi. Kisha mfupa mpya huota juu yake. Wala hamna ndani yake kiuavijasumu cha kuzoewa na bakteria.

Na kioo hiki ni kitu gani? Ni silika, iliyo ndani ya mchanga, pamoja na soda, chokaa na fosfati. Si almasi. Kilicho ghali ni ujuzi, usafi wa kiwanda na ushahidi wa majaribio. Basi vyuo vyetu vikuu havina budi kuingia katika kazi hii, na fedha ya maabara isihesabiwe kuwa anasa.

Lakini asidanganyike mtu. Kioo hakiondoi wajibu wa kukiosha kidonda mapema, kukata nyama iliyokufa na kumpa majeruhi dawa katika saa za kwanza. Hospitali isiyo na maji safi haitaokolewa na kioo cha Turku. Tuanze na maji; na huku tukiosha, tujifunze pia kuuyeyusha mchanga.